Mioyo Minne ya Mashine za Assani

Ninyi vijana mnaofungua vyumba vya michezo hapa Kasongo kila kukicha, hebu nisikilizeni kidogo kabla hamjaharibu kompyuta za watu. Mimi ni Feza. Wengi wenu mnaniita Mama Fundi, na najua wengine mnaniita hivyo huku mkicheka, kwa sababu mnaniona sasa na miwani yangu minene nikipepeta mpunga uani. Chekeni tu. Nimefungua mashine nyingi kuliko mlizowahi kuziona, na zilizonishinda ni zile zilizopigwa na radi.

Kazi yangu yote ilikuwa moja: kuufanya mchezo ukimbie ndani ya mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Kompyuta zetu zilifika zimechoka. Zilikuwa zimestaafu maofisini Ulaya, zikashuka Bukavu, zikaja huku juu ya pikipiki zikiwa zimeviringishwa ndani ya godoro kuukuu. Ungemwambia mwenye chumba anunue mpya angekuuliza kama una homa. Basi mimi nilibakiwa na kitu kimoja tu cha kushughulika nacho, nacho ni prosesa, ile sehemu inayofikiri. Wafaransa wanasema prosesa ina mioyo, na sisi tukasema mioyo vilevile. Kuna mashine ya mioyo miwili, kuna ya mioyo minne. Ukijua moyo upi ufanye kazi ipi, unaweza kumfanya mteja akuombee dua njia nzima hadi kwake.

Halafu kuna nyuzi, na hapa ndipo mnapopotea. Mnaona nyuzi nane kwenye kioo, mnaenda kumwambia mteja ana mioyo minane. Hapana. Mmewaona mama zenu wakitwanga wawili katika kinu kimoja: huyu anapandisha mchi, yule anashusha. Kinu ni kimoja, michi ni miwili, na unga unapatikana upesi kuliko mtu akitwanga peke yake, ingawa si upesi mara mbili. Moyo mmoja wenye nyuzi mbili ni kinu hicho. Kwa michezo mingi ni jambo zuri. Lakini ipo michezo ya zamani isiyojua kupokezana. Michi inagongana, na picha inakwama hata kama mashine ina nguvu za kutosha. Hapo unaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa, kabla mashine haijawaka vizuri, unazima uzi wa pili wa kila moyo, unajaribu mchezo, unatazama. Ukiona hakuna tofauti, rudisha ulivyokuta. Msiniletee kiburi cha kuzima kitu kwa sababu mmesikia jirani amezima.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Fundi Amisi, mtengenezaji wa redio pale karibu na soko, mzee mwenye vidole vyeusi kwa risasi ya kuchomelea. Nilianza kwake nikiwa msichana, wateja wakidhani nimeletwa kufagia. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kibandani, aliizunguka, akakaa, akaniambia sio yake, ni yangu. Lakini hata hapo alinipa somo ambalo nimelitumia maisha yangu yote.

“Feza,” alisema, “gusa kwanza. Hapana kukimbilia bisibisi. Kitu ikikuwa na homa, mukono itakuambia.”

Nimegusa basi. Nikigusa chuma cha kupozea prosesa najua kama mashine inafanya kazi, inajifanya, au inaungua. Siku moja kijana wa Nyangwe aliniletea mashine inayozimika kila mchezo ukifika nusu. Niligusa kile chuma, mkono ukateleza. Mnajua kati ya prosesa na chuma hicho hupakwa dawa nyeupe, laini, ya kupitisha joto. Hii ilikuwa nyekundu.

“Umeweka nini humu?”

“Mafuta, Mama Fundi. Ya mawese. Ile dawa yenyewe ilikauka, nikasikia mafuta njo inapunguza moto.”

“Na chumvi?”

“Chumvi hapana.”

“Basi ulikosa chumvi na majani ya muhogo tu, ungekula sombe.”

Alicheka, nami nikacheka, lakini nilitumia siku nzima na pamba na spiriti kuyaondoa yale mafuta, na kibanda changu kilinukia jikoni wiki nzima. Wateja walikuwa wakiingia wanauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Mwingine, huyu wa Lusangi, aliambiwa na rafiki yake kwamba mchezo unaweza kupewa kipaumbele. Ni kweli. Kuna ukurasa unaoonyesha kazi zote za mashine, unachagua mchezo wako, unaupandisha daraja. Yeye akaupandisha hadi mwisho kabisa, pale panapoandikwa kwa Kifaransa *temps réel*, yaani wakati halisi. Mashine ikatii. Ikampa mchezo kila kitu, hata panya na kibodi zikanyimwa nafasi ya kusema. Mpira unakimbia uwanjani, yeye anabonyeza, hakuna anayemsikiliza. Alinijia amekasirika, amebeba mashine kichwani, anasema imeingiwa na jini. Nikaizima, nikaiwasha, jini likaondoka. Pandisha daraja moja tu juu ya kawaida, inatosha, na uiachie mashine pumzi ya kukusikia.

Lakini kosa lililonilisha kuliko yote lilikuwa lile la kisanduku. Katika mipangilio ya kuwasha mashine kuna kisanduku kinachouliza idadi ya prosesa. Vijana wa hapa walipokigundua, walisema kumbe mioyo inalala, inabidi kuiamsha. Wakaweka alama, wakachagua, wakaenda kutangaza. Kumbe ukikiacha kisanduku hicho bila alama, mashine hutumia mioyo yote iliyo nayo. Ukiweka alama, kinachoweza kutokea ni kupunguza tu. Ukichagua mmoja, mingine yote umeifungia nje, na itabaki nje hata ukizima na kuwasha mara ngapi, mpaka mtu aende kuondoa alama. Sio kama ile njia nyingine, ya kuuchagulia mchezo mioyo wakati unaendelea. Ile ukifunga mchezo tu, mashine inasahau yote, kesho unaanza upya, isipokuwa umeiandika amri ndani ya ile picha ndogo ya kufungulia mchezo. Shikeni tofauti hiyo, maana nitawaambia sasa habari ya Kabambare, na bila hiyo mtanisumbua kwa maswali.

Assani alikuwa na chumba cha michezo Kabambare. Alikuwa mteja wangu, kisha akawa rafiki wa nyumba. Mashine zake nilimchagulia mwenyewe, zote za aina moja, zote za mioyo minne, nikazitia kadi ndogo za picha na kumfungia paneli za jua na betri. Zilikuwa na dosari moja tu: feni. Mchezo ukianza, zinaunguruma kama kinu cha kukobolea mpunga. Assani alikuwa anasema hayo ndiyo matangazo yake, mtu akisikia anajua chumba kiko wazi.

Akaugua muda mfupi, akafa. Habari ilinifikia nikiwa shambani, na sikuweza kuwahi maziko. Wiki kadhaa baadaye simu ikalia. Alikuwa Mwavita, mke wake.

“Mama Fundi,” alisema, “mashine za Assani ziko zinamufwata mwenyewe.”

Nilimwambia aache kulia anieleze. Akaeleza. Chumba kilifungwa siku za mwanzo za msiba, kisha familia ikaruhusu afungue, kwa sababu watoto lazima wale. Tangu afungue, mashine zilikuwa zinazidi kulegea. Wachezaji wa mpira kwenye kioo walikuwa wanatembea kama watu wanaovuka jaruba la mpunga. Shemeji yake Djuma, kaka mkubwa wa Assani, aliyekuja kutoka Lusangi kwa ajili ya matanga, alikaa akajaribu kucheza, akasema mashine zimekwisha. Zipelekwe Kasongo ziuzwe wakati bado kuna mtu wa kuzichukua. Na chumba kikishafungwa, Mwavita hana kazi inayomweka Kabambare, kwa hiyo arudi kwao Wamaza. Watoto watatu, mdogo ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, watabaki kwa ukoo wa baba yao. Jambo lingekatwa kwenye kikao cha familia siku ya arobaini, baada ya dua.

Msimchukie Djuma. Sikumwona kuwa mtu mbaya hata siku moja. Alikuwa amezika mdogo wake, ana nyumba yake ya kulisha, na aliona mashine zinazokufa na mjane kijana ambaye peke yake hataweza kuziendesha. Mtu yeyote wa huku angefikiria hivyo. Mimi nilichofikiria ni kwamba zile mashine nilizichagua mimi, na mashine nilizozichagua mimi hazifi hivyohivyo.

Nikapanda pikipiki. Ile njia mnaijua. Baada ya Wamaza mvua ilitupata, motari, mwenye pikipiki, akawa anasukuma na mimi nasukuma, na mfuko wa vifaa niliubeba kichwani kama mtoto wa kifalme. Nilifika siku moja kabla ya arobaini, nikiwa na matope hadi kiunoni.

Sikukimbilia mashine. Nimeona mafundi vijana wakiingia nyumba ya msiba na bisibisi mkononi, na ni aibu. Nilioga, nikajifunga kitenge, nikaenda kukaa kwenye mikeka barazani pamoja na wanawake. Pale alikuwapo mama yake Assani, Mama Sakina, mzee mwembamba, amejifunika hadi kidevuni. Chumba cha michezo kiko nyuma ya ukuta huohuo wa baraza. Nilimpa pole, tukalia kidogo, akanishika mkono muda mrefu. Ndipo nikaomba ruhusa ya kwenda kuona kazi.

Nikawasha mashine ya kwanza, ile ya dirishani, nikafungua mchezo wa mpira, nikangoja. Ni kweli, wachezaji walikuwa wanakokota miguu. Nikafungua ubavu wa mashine, nikagusa. Nikagusa tena, maana sikuamini.

Ilikuwa baridi.

Sikilizeni vizuri hapa. Mashine mbovu inayohangaika na mchezo huwa ya moto. Mashine yenye vumbi huwa ya moto. Mashine nzee huwa ya moto. Inayokwenda polepole huku ni baridi haiumwi, inazuiwa. Nikaenda kwenye ukurasa wa kazi za mashine kutazama mioyo. Palikuwa na moyo mmoja tu unaohangaika, mitatu haionekani kabisa. Kile kisanduku kilikuwa na alama.

Nikaenda ya pili. Hii ilikuwa na mioyo yote minne, lakini kasi yake haipandi, inafika nusu inagota. Mtu alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya umeme akaipunguzia prosesa kikomo chake cha juu. Ya tatu haikuwa na alama wala kikomo, ila ile picha ndogo ya kufungulia mchezo ilikuwa imeandikiwa amri ya kuufungia mchezo kwenye moyo mmoja. Zilizobaki hivyohivyo, hii na hii yake. Ugonjwa ungekuwa mmoja ningetafuta ugonjwa. Lakini hizi kila moja ilikuwa imefungwa kwa kamba yake, na mashine haijifungi. Hawa walikuwa watu, tena watu zaidi ya mmoja.

Nje walikuwa wamekaa vijana wateja wa chumba, wanamenya karanga za shughuli ya kesho. Nilimwita mmoja ninayemfahamu, Kitenge, mchezaji hodari kuliko wote, na mjuaji kidogo.

“Kitenge, nani alifunga mioyo ya hii mashine?”

Alitazama chini.

“Ni mi, Mama Fundi. Ile ya dirishani njo mi.”

“Na hizi zingine?”

“Sijue. Labda wenzangu. Kila mutu na ile anakaliaga.”

Damu ilinipanda, siwafichi. Nilidhani wametumwa na mtu.

“Nani aliwatuma?”

“Hapana mutu. Mama wa Assani iko hapo inje juu ya mukeka. Sisi tukianza mupira, feni zinapiga makelele, tunaona haya. Mutu iko na kilio, wewe unamupigia makelele mu masikio? Sauti ya mupira tulishakata. Njo nikasema na feni pia nipunguze. Moyo moja haipate moto, feni inanyamaza. Arobaini ikipita, tutarudisha.”

“Na mbona hamkumwambia Mwavita?”

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

“Tumuambie nini? Tuende kujisifu mbele ya kilio? Ile heshima ikisemwa, ni heshima gani?”

Nilikaa juu ya kiti cha plastiki. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia. Vijana hawa walikuwa wamevumilia mchezo wa kutambaa wiki zote hizo, kila mmoja kimya kimya kwenye mashine yake, kwa kumhurumia mama wa watu. Na heshima yao hiyo ilikuwa karibu kumnyang'anya Mwavita watoto.

Nilimwita Mwavita nikamweleza. Alicheka, akaziba mdomo kwa kitenge, akalia, akacheka tena. Mimi nilikwisha nyoosha mkono kurudisha kila kitu. Akanishika.

“Hapana, Mama Fundi. Hapana leo.”

“Kikao ni kesho, Mwavita. Djuma lazima aone zinakimbia.”

“Nikifungua ile makelele, na mama mukwe iko mu matanga, Djuma atasema nini? Atasema: muone, hata arobaini haiishe, huyu muke anashangilia. Nitakuwa nimepoteza vilevile.”

Alikuwa na haki. Nikiziacha zilivyo, familia itaona mashine zilizokufa. Nikizifungua, familia itasikia mkwe asiye na adabu. Hapo ndipo mteja anapokutazama usoni ajue kama wewe ni fundi kweli au una mfuko wa vifaa tu.

Nikamwambia kesho zitakimbia na hazitapiga kelele. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, kwa sababu nilijua.

Andikeni haya kama mna kalamu. Kwanza nilitumia pampu ya baiskeli, nikapuliza vumbi lote nje ya zile mashine, maana feni yenye vumbi hupiga kelele maradufu kwa kazi nusu. Nikafuta dawa nyeupe iliyokauka, nikapaka mpya, kidogo tu, kama punje ya mchele. Nikaondoa alama kwenye kisanduku, nikafuta amri zao, mioyo yote minne ikarudi. Kisha ile siri ndogo: kikomo cha juu cha prosesa sikukiacha mia kwa mia, nilikishusha kwa moja, tisini na tisa. Kwa mashine za aina ile, moja hiyo inaizuia prosesa kuruka juu ya kasi yake ya kawaida, na kuruka huko ndiko kunakoleta moto mwingi na faida ndogo. Halafu nikauambia mchezo usichore picha nyingi kuliko kioo kinavyoweza kuonyesha. Picha zinazozidi hapo hakuna anayeziona, ila feni zinazifanyia kazi. Mwisho, moyo wa kwanza, ule unaohesabiwa sifuri, niliuachia shughuli za mashine yenyewe, mchezo nikaupa mitatu iliyobaki.

Jua lilikuwa bado halijashuka tulipojaribu. Kitenge alishika manete, kile kidude cha kuchezea, akacheza, na wachezaji walikimbia kama wanadaiwa. Feni zilikuwa zinanong'ona. Nilijisikia vizuri sana, niwaambie ukweli. Katika kazi yangu yote sijawahi kupanga mashine vizuri kama siku ile, na nilitamani Fundi Amisi angekuwa hai aguse.

Asubuhi dua ilisomwa, watu wakala wali na nyama ya mbuzi. Wazee wa ukoo wakaketi kwenye viti uani, wanawake wakabaki barazani. Djuma akasimama akaeleza jambo lake kwa heshima, bila kumtukana mtu. Kisha akasema fundi ametoka Kasongo, basi waone. Wakajaa mlangoni na dirishani. Kitenge na mwenzake wakacheza, mchezo ukaenda kama maji. Djuma mwenyewe akachukua manete, akafungwa mabao hadi wazee wakaanza kumcheka, naye akacheka.

Lakini alipoweka manete chini, uso wake ulirudi kuwa wa kaka mkubwa.

“Nimeona,” alisema. “Leo inakimbia. Lakini leo fundi iko hapa. Kesho akirudi Kasongo, ikilala tena, nani ataamusha? Mwavita iko mutoto, iko peke yake. Mi sikatae mashine. Ninaogopa kumuacha mutu na muzigo haiweze kubeba.”

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilifungua mdomo kueleza, na nikaona maelezo yangu hayataingia popote, kwa sababu swali lake halikuwa la prosesa. Mwavita alikuwa amesimama kwenye kona, mtoto mdogo kiunoni, wakubwa wameshika kitenge chake huku na huku.

Ndipo watu wakapisha mlangoni. Mama Sakina alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Tangu msiba hakuwa ameingia chumba kile. Alisimama katikati ya mashine zinazofanya kazi, akazitazama moja moja.

“Hizi njo mashine za mwanangu?”

“Ndiyo, mama,” akasema Djuma.

“Wongo. Za mwanangu zinaunguruma.”

Kitenge alinitazama mimi. Nikasogea nikamwambia mzee taratibu kwamba ni zilezile, ila vijana walizinyamazisha kwa ajili yake, wasimsumbue katika kilio chake, na jana mimi pia nimezinyamazisha kwa namna yangu.

“Nani aliwaomba?” aliuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. “Assani akiwa kazini, mi ninalala muchana hapo barazani. Ninasikia zile feni, ninajua mutoto wangu iko, watoto wake watakula. Amekufa, ninyi mukanyamazisha na feni. Kila siku ninangojea nisikie, hakuna. Njo nikasema basi, na kazi yake nayo tulizika.” Akanigeukia. “Mama Fundi, fungua yote.”

Nikamtazama Djuma. Djuma alikuwa anatazama miguu yake. Basi nikapita mashine moja baada ya nyingine nikibomoa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kikomo nikakirudisha mia. Picha nikaziachia zichorwe kadiri zitakavyo. Mioyo yote minne nikaipa mchezo. Feni zikaanza kupanda, moja, nyingine, zote, hadi vikombe vya chai vilivyokuwa juu ya meza vikatetemeka.

Mama Sakina alisikiliza. Kisha ikabidi apaze sauti, yeye ambaye kwa siku zote zile alikuwa hasikiki.

“Djuma! Kazi hii unaijua?”

“Hapana, mama!”

“Mi pia siijue! Anayeijua ni mama wa hawa watoto! Muzigo ikimushinda, wewe mukubwa utabeba naye, njo kazi ya mukubwa! Mashine hazitoke! Na yeye hatoke! Umesikia?”

“Nimesikia, mama!”

Mzee mmoja wa ukoo aliinua mikono kama anayefunga dua, na wengine wakafanya vivyo hivyo, maana kwa kelele ile maneno hayakuwa na faida tena. Mwavita alikaa chini palepale kwenye kona, akawavuta watoto wote watatu mapajani, akalia kwa mdomo wazi. Feni zilikuwa zinaunguruma. Hatukumsikia, tulimwona tu.